Kabati Tupu na Picha ya Simu: Uhakiki wa Maonyesho ya Sanaa ya Uhalisia Ulioongezwa

Kiswahili bado hakijatulia juu ya jina la jambo linalojadiliwa katika makala hii. Wako wasemao uhalisia ulioboreshwa, wako wasemao uhalisia ulioongezwa, na wako wanaolitia katika kapu moja na uhalisia pepe bila ya kujali tofauti. Mhakiki wa fasihi aliyezoea kulitumia neno uhalisia kwa maana ya mkondo wa utunzi unaojaribu kuichora jamii kama ilivyo ataona mara moja kwamba neno hilo limetwishwa mzigo wa pili. Na neno pepe nalo lina asili yake: kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini, ganda linalopeperuka wakati wa kupeta. Aliyelichagua kwa mambo ya kompyuta huenda hakukusudia kuyashutumu, lakini amewaachia wahakiki swali lililokwisha kuumbwa: katika sanaa hii mpya, kiini kiko wapi, na ganda ni lipi? Hapa litatumika jina la uhalisia ulioongezwa. Neno ulioboreshwa linatangulia kutoa hukumu, kwamba kilichoongezwa kimekifanya kilichokuwapo kuwa bora zaidi, na hilo ndilo hasa linalopaswa kuthibitishwa katika kila kazi.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Mtazamaji huinua simu yake mbele ya picha iliyotundikwa, au mbele ya uwanja wa mji. Kamera ya simu huipokea sura ya kilicho mbele yake. Programu huitambua picha ile kwa alama zake, au hupatambua mahali pale kwa vipimo vya setilaiti na dira. Kisha juu ya sura hiyo huchorwa kitu kingine ambacho hakipo, nacho hugeuka na kusogea kwa kadiri mtazamaji anavyosogea. Asiyeinua simu haoni kitu. Ufundi huu haukuzaliwa mikononi mwa wasanii. Mwaka 1968, huko Marekani, Ivan Sutherland aliunda chombo cha kuvaliwa kichwani, kizito hata ikabidi kining'inizwe darini, ambacho kilimwonyesha mvaaji michoro ya mistari mitupu ikielea chumbani. Jina la Kiingereza huhusishwa na Thomas Caudell, mtafiti wa kampuni ya ndege ya Boeing, mnamo mwaka 1990, wakati ilipotafutwa njia ya kuwasaidia mafundi kuunganisha nyaya za ndege bila ya kurejea kila mara kwenye karatasi za maelekezo. Wasanii waliudaka baadaye, simu za mkononi zilipopata kamera, dira na mtandao.

Mhakiki akabiliapo maonyesho yanayochanganya kazi ya mkono na nyongeza ya simu huvutwa kwanza na nyongeza. Hiyo ndiyo mpya, hiyo ndiyo inayosogea, na hiyo ndiyo inayotangazwa. Lakini kuitazama nyongeza peke yake ni sawa na kuuhakiki utendi kwa kuzihesabu mizani na kuusahau utendi wenyewe. Kazi ya aina hii ina sehemu mbili, kitu na nyongeza, na sanaa yake iko katika namna sehemu hizo mbili zinavyodaiana. Kuna wakati mmoja ambapo deni hilo hudhihirika, nao ni wakati mtazamaji anaposhusha simu. Je, kitu kilichobaki mbele yake kimebadilika machoni pake, au ni kile kile alichokiona alipoingia? Na picha iliyotoweka, je, ingaliweza kutazamwa kitandani, katika mji mwingine, bila ya kupungukiwa na lolote? Maswali haya mawili yanatosha kuzipambanua kazi nyingi zilizotolewa tangu mwaka 2010.

Mwaka huo, tarehe 9 Oktoba, wasanii wawili, Sander Veenhof wa Uholanzi na Mark Skwarek wa New York, walifungua maonyesho ndani ya jumba la sanaa za kisasa la New York, lijulikanalo kwa kifupi kama MoMA, bila ya kualikwa na bila ya kuomba ruhusa. Hawakutundika kitu. Walizipanga kazi zao kwa vipimo vya setilaiti ndani ya jengo lile, na mwenye programu iitwayo Layar katika simu yake aliweza kuziona zikielea miongoni mwa kazi za wenyeji. Walifika hata kuliongezea jengo ghorofa moja ambayo halikuwa nayo. Miaka minane baadaye, Machi 2018, kikundi kingine kilichojiita MoMAR kilirudi katika jumba lile lile na kukivamia chumba cha michoro ya Jackson Pollock: kila mchoro uligeuzwa kuwa alama ya kuamshia kazi ya msanii mwingine, na wasanii walioshiriki walikuwa wanane.

Maonyesho haya mawili yalikuwa na hoja nzito, nayo ni kwamba ukuta wa jumba la sanaa una bawabu lakini hewa iliyo mbele ya ukuta haina. Ni hoja ya siasa, na ilisemwa kwa ucheshi. Hata hivyo, kama kazi za sanaa, nyingi zilikuwa dhaifu kwa sababu ile ile iliyozipa umaarufu. Uvamizi ulihitaji jumba, haukuhitaji mchoro huu au ule. Pollock angaliweza kubadilishwa na mchoraji mwingine yeyote mwenye jina kubwa, na utani ungalibaki vile vile. Mtazamaji alipoishusha simu yake aliuona mchoro wa Pollock ukiwa umepumzika kama ulivyokuwa, haukuulizwa lolote.

Swali la nani mwenye hewa, lakini, halikuwa la utani tu. Mwaka 2017 kampuni ya Snapchat iliweka sanamu za Jeff Koons, za kuonekana kwa simu tu, katika bustani za miji mbalimbali, ikiwamo Central Park ya New York. Msanii Sebastian Errazuriz alijibu kwa kuitengeneza sanamu ile ile ikiwa imepakwa michoro ya wahuni wa mitaani, akaiweka mahali pale pale kwa programu nyingine. Koons hakupoteza kitu, na bustani haikuchafuka. Lakini ilidhihirika kwamba pahali pa umma pamekwisha kupata tabaka la pili, ambalo halina sheria ya baraza la mji wala kibali cha mtu, na ambalo kampuni inaweza kulijaza kwa bidhaa zake kabla wenyeji hawajajua kwamba lipo. Maonyesho ya KAWS katika jumba la Serpentine, London, mwanzoni mwa 2022, yaliyochanganya michoro na sanamu zilizomo chumbani na zile za simu, na kuunganishwa na mchezo wa kompyuta uitwao Fortnite, hayahitaji maneno mengi. Mle ndani kitu na nyongeza vilifanana mno hata havikuwa na la kuambiana.

Kisa cha Boston kina uzito wa namna nyingine. Usiku wa tarehe 18 Machi 1990 watu wawili waliovaa sare za polisi waliingia katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner, wakatoka na kazi 13, miongoni mwazo mchoro wa Vermeer uitwao The Concert na ule wa Rembrandt wa mwaka 1633 unaomwonyesha Kristo katika dhoruba ya ziwa la Galilaya. Hakuna hata moja iliyorudi. Mwenye jumba, aliyefariki mwaka 1924, aliacha wasia kwamba mpangilio wa vyumba vyake usibadilishwe, na kwa hiyo fremu tupu zimebaki ukutani hadi leo, mahali pale pale. Mwaka 2018 kampuni ya Cuseum, bila ya jumba lenyewe kushiriki, iliunda programu ambayo mwenye kuielekeza simu yake kwenye fremu tupu aliuona mchoro ulioibwa ukiwa umerudi mahali pake.

Ni rahisi kuisifu kazi hii. Mwanafunzi ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1990 ameonyeshwa ukubwa wa dhoruba ile, na namna ilivyokaa mahali pake. Kitabu hakiwezi kumpa hilo. Lakini mhakiki hana budi kuuliza fremu tupu ilikuwa ikisema nini kabla ya simu kuja kuisemea. Fremu isiyo na mchoro ni kazi kamili kwa namna yake: inataja wizi kila siku, mbele ya kila mgeni, bila ya sauti. Kuijaza ni kuinyamazisha. Programu ya Boston imefaulu kama katalogi na imekaribia kushindwa kama sanaa. Imeokolewa na jambo moja ambalo waundaji wake hawakulitilia mkazo, nalo ni kwamba mkono wa mtazamaji huchoka. Simu hushuka, na mchoro uliokuwapo nukta iliyopita haupo tena. Kwa nukta hiyo moja mtazamaji ameibiwa mwenyewe. Hakuna katalogi inayoweza kufanya hivyo.

Wakati huo ambao Boston iliupata kwa bahati, Mel Chin aliujenga kwa makusudi. Kazi yake ya mwaka 2018 katika uwanja wa Times Square, New York, ilikuwa na sehemu mbili zenye majina mawili. Sehemu ya kwanza, Wake, ilikuwa sanamu kubwa ya mbao na chuma: mifupa ya marikebu iliyozama, mkuku na mataruma yakiwa wazi, na mbele yake, mahali pa omo, sanamu ya mwanamke mkubwa mno ambaye kwa mitambo iliyofichwa alionekana kupumua na kugeuza kichwa polepole kama anayetafuta kitu angani. Sehemu ya pili, Unmoored, yaani iliyong'olewa nanga, ilikuwa ya simu, nayo iliundwa kwa msaada wa kampuni ya Microsoft. Aliyeinua simu uwanjani pale aliuona mji ukiwa chini ya bahari, na juu ya kichwa chake, juu ya majengo yote na matangazo yote ya biashara, matumbo ya vyombo vya baharini yakisongamana kama magari barabarani.

Jina la kwanza linastahili mkengeuko mfupi, maana wasomaji wa Kiswahili watalisoma kimakosa. Katika Kiingereza neno hilo ni mkondo wa maji unaoachwa nyuma na chombo, na ni mkesha wa kukaa na maiti, na ni wito wa kuamka. Lugha chache zingeweza kuzibeba maana hizo tatu kwa neno moja. Kiswahili kingehitaji shairi zima. Chin alizihitaji zote tatu. Marikebu aliyoichukua kuwa kielelezo ni Nightingale, iliyoundwa mwaka 1851 na kupewa jina kwa heshima ya mwimbaji wa Kiswidi, Jenny Lind, ambaye sura yake iliwekwa kwenye omo. Ilisafirisha mizigo, kisha ikaingia katika biashara ya watumwa. Aprili 1861 ilikamatwa na manowari ya Marekani karibu na Kabinda, kaskazini ya mlango wa mto Kongo, ikiwa na watu 961 ndani yake. Wengi wao walifikishwa Liberia. Wengine walikufa njiani kabla ya kuiona nchi kavu.

Basi mwanamke yule mzuri wa mbao, aliyetengenezwa kwa mfano wa mwenye sauti nzuri, alikuwa ametangulia mbele ya watu 961 bila ya kugeuka. Katika uwanja wa Times Square amegeuka. Hapa ndipo kitu na nyongeza vinapodaiana kwa ukamilifu. Simu inaonyesha wakati ujao, bahari iliyopanda kwa sababu ya joto la dunia na biashara isiyokoma; mbao zinaonyesha wakati uliopita, biashara ile ile ilipokuwa ikiuza watu. Anayeishusha simu akitaraji kurudi katika mji wake wa kawaida anaikuta marikebu iliyozama ikiwa bado iko pale, imara, juu ya lami. Maji yamekauka lakini chombo hakikuondoka. Picha ya simu imeubadilisha uwanja kuwa sakafu ya bahari, na sanamu inakataa kuuachia uwe uwanja tena. Ondoa mbao, na kilichobaki ni burudani ya dakika mbili. Ondoa simu, na kilichobaki ni sanamu nzuri ya historia, ambayo wapita njia wangeipiga picha na kwenda zao. Hapana kazi nyingine ya aina hii iliyoufikia mshikamano huo wa fani na maudhui.

Si kwamba haina dosari. Vyombo vilivyosongamana angani vina uzuri unaovutia kuliko unavyotisha, na hatari ya msanii anayefanya kazi pamoja na kampuni ya ufundi ni hiyo hasa: kampuni hutaka kionekanacho kiwe cha ajabu, na msanii hutaka kiwe cha kweli. Katika sehemu kadhaa za Unmoored ajabu imeshinda.

Jambo jingine linaihusu kazi hiyo pamoja na zote zilizotajwa. Sanamu za mbao zinaweza kuhifadhiwa ghalani; nyongeza za simu hufa pamoja na chombo kilichozibeba. Kazi zilizoundwa kwa Layar mwaka 2010 haziwezi kuonekana leo kama zilivyoonekana siku ile. Kampuni ya Google ilifunga mradi wake wa Tango mwaka 2018. Microsoft iliacha kutengeneza miwani yake ya HoloLens mwaka 2024. Januari 2025 kampuni ya Meta iliifunga Spark, jukwaa ambalo wasanii wengi walilitegemea, na kazi zao zikatoweka siku moja. Mtaalamu wa fasihi simulizi hatashangaa sana, maana amezoea utungo unaoishi katika utendaji tu na kutoweka fanani anaponyamaza. Lakini ulinganisho huo una mpaka. Fanani anapofariki, huacha hadhira iliyousikia utungo na mwanafunzi aliyeushika, na utungo hupata kinywa kingine. Kampuni inapofunga jukwaa haiachi mwanafunzi. Anayetaka kuuita ufundi huu hifadhi ya urithi na azikumbuke tarehe hizo.

Neno urithi limekusudiwa, maana hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la New York na Boston. Mwaka 2023 msanii Chidi Nwaubani, Mnaijeria akaaye London, na kikundi chake kiitwacho Looty, waliingia katika jumba la British Museum mchana kweupe, wakalipima Jiwe la Rashid kwa vipimo vya miali ya nuru, kwa vifaa vya mkononi ambavyo mtu yeyote anaweza kuvinunua, wakatoka. Hawakuvunja sheria. Kisha waliliweka jiwe hilo, kama nyongeza ya simu, katika mji wa Rashid nchini Misri, ambako lilipatikana mwaka 1799. Mwenyeji wa Rashid mwenye simu aliweza kuliona bila ya malipo na bila ya viza.

Wanaisimu wanalijua jiwe hili kuliko wengine wote. Ni amri ya makuhani ya mwaka 196 kabla ya Kristo, iliyochongwa kwa lugha mbili na maandishi ya aina tatu, na ndiyo iliyomwezesha Champollion mwaka 1822 kutangaza ufumbuzi wa maandishi ya kale ya Misri. Lilipatikana na askari wa Ufaransa, likachukuliwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1801 ambao Wamisri hawakuutia sahihi kwa niaba yao wenyewe, na limekaa London tangu 1802. Hata jina lake lilihamishwa. Rashid ikawa Rosetta, na ulimwengu wa wasomi ukalisahau jina ambalo wakazi wa mji ule hawajapata kuliacha.

Kama kazi ya kutazamwa, jiwe la Looty ni duni. Umbo lililopimwa kwa haraka haliwezi kushindana na jiwe lenyewe, wala herufi zake hazisomeki kwa usahihi ambao mtaalamu angeuhitaji. Lakini anayelihakiki kwa kipimo hicho amekosa shabaha. Kitu cha kuunganishwa na nyongeza hapa ni ardhi ya Rashid, na ardhi hiyo ni tupu. Mtazamaji anashusha simu na haoni chochote. Boston aliiona fremu angalau. Rashid hakuna hata fremu. Utupu ambao hakuna aliyeuona kwa miaka mia mbili na zaidi umepewa umbo, upana na mahali pa kusimama. Wizi, kama waundaji wenyewe walivyouita kwa kejeli, haukukusudia kulimiliki jiwe. Umelifanya pengo lionekane. Kazi yenye umbo duni imeifikia shabaha ambayo picha safi ya Boston ilipita kandoni mwake.

Na bado pana hatari, wala si ndogo. Picha iliyotengenezwa na msanii ili ishitaki inaweza kuchukuliwa na mshitakiwa ili imtetee. Sheria ya mwaka 1963 inayoongoza British Museum inawafunga mikono wadhamini wake wasiweze kuondoa vitu katika hazina yake, isipokuwa kwa sababu chache sana. Taasisi iliyofungwa na sheria ya namna hiyo, au inayoipenda sheria hiyo kwa kuwa inaifunga, itakuwa na kila sababu ya kusema: picha kamilifu ya kila upande wa kitu tunaweza kuwapeni kesho, na mnaweza kuitazama mahali pake pa asili. Wanaodai watakuwa wamelipwa kwa pepe, na punje itabaki ghalani.

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalikwisha kulikabili jambo hili kwa njia nyingine, na pengine bora. Machi 2021 yalifunguliwa humo maonyesho yaitwayo Invisible Inventories, yaliyotokana na ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kikundi cha The Nest cha Nairobi, kikundi cha SHIFT, na majumba mawili ya Ujerumani, la Cologne na la Frankfurt. Watafiti walikuwa wamekusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyomo katika taasisi za nje, na idadi ilizidi 32,000. Orodha hiyo imo katika kompyuta. Ukumbini, pamoja na kazi za wasanii, yaliwekwa makabati ya kioo, taa zake zikiwaka, ndani yake hamna kitu.

Teknolojia ya kuyajaza makabati yale kwa simu ilikuwapo mwaka 2021, na wasanii wa Nairobi si wageni wa ufundi huo. Makabati yalibaki matupu. Mtu aliyezoea kuingia makumbusho ili aone alilazimika kusimama mbele ya kioo na kukiona kivuli chake mwenyewe. Ukilinganisha na Boston, Nairobi ilianza pale ambapo Boston iliishia: ilianza simu ikiwa imekwisha kushushwa. Inaweza kudaiwa kwamba mwanafunzi wa shule aliondoka pale bila ya kujua hata sura ya kitu kilichochukuliwa, na dai hilo lina haki yake; namba 32,000 haina sura. Lakini kabati lililojazwa picha lingempa mwanafunzi huyo hisia kwamba ameona, na aliyekwisha kuona hadai.

Mfano mmoja wa vitu vilivyo nje utaonyesha kwamba tatizo si la macho peke yake. Wapokomo wa mto Tana wana ngoma yao takatifu iitwayo Ngadji, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na ambayo imekaa katika ghala la British Museum kwa zaidi ya karne moja. Neno ngoma katika Kiswahili, na katika lugha nyingi za Kibantu, halitaji mti na ngozi tu. Linataja sauti, mchezo, mkusanyiko na siku yenyewe. Mtu husema amekwenda ngomani, wala hakusudii kwamba amekwenda kuangalia chombo. Maofisa wa mwaka 1902 walichukua kile ambacho lugha yao iliweza kukitaja, yaani chombo, wakadhani wamechukua ngoma. Kwa kweli waliikata ngoma vipande viwili na kila upande ukabaki bubu. Programu ya simu itakayoionyesha Ngadji kandokando ya mto Tana itairudisha sehemu ile ile iliyoibwa, chombo, tena bila ya uzito wake. Hata ikiwekewa sauti iliyorekodiwa, bado itakuwa sauti isiyo na mpigaji wala siku. Aidha, kitu kitakatifu kina watu wanaoruhusiwa kukiona na wakati wa kukiona. Simu haina mlango wa namna hiyo. Inaonyesha kila kitu kwa kila mtu, na msanii anayeisifu kwa sababu hiyo mbele ya mlinzi wa jumba la New York atapaswa kufikiri upya mbele ya wazee wa Kipokomo.

Vigango vya Wamijikenda vinalikaza swali zaidi. Kigango huchongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, husimikwa mahali maalumu, na hakiondolewi. Mji ukihama, kigango hubaki. Kwa hiyo sanaa ambayo maana yake imefungwa na mahali haikuletwa pwani na setilaiti. Vigango vingi viling'olewa na kuuzwa, vikaishia katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri huko Marekani. Baadhi vimerudi: jumba la Denver lilitangaza mwaka 2014 kurudisha 30, ambavyo vilifika Kenya mwaka 2019, na jumba la jimbo la Illinois lilirudisha 37 mwaka 2023. Vinaporudi huzuka swali ambalo picha haiwezi kulijibu, la kujua kila kimoja kilisimama wapi, na kwa ajili ya nani, kwa kuwa aliyekiuza hakuandika.

Hapo ndipo msanii wa uhalisia ulioongezwa angekuwa na kazi ya kweli, kama angekubali kuwa mtumishi wa wengine. Zipo picha za zamani zilizopigwa na watafiti kabla ya vigango kung'olewa; yapo makumbusho ya jamaa; yapo mashimo. Kuyaunganisha hayo matatu kwa simu, shimo kwa shimo, kungeweza kuisaidia familia kukitambua kilicho chake kati ya vile vilivyorudi. Lakini kazi hiyo isingefaa kuwa maonyesho ya watu wote. Vipimo vya setilaiti vinavyomwongoza mjukuu hadi pale babu yake aliposimikiwa kigango vitamwongoza mnunuzi pia hadi kwenye vigango jirani ambavyo bado vimesimama, na wanunuzi hawajaacha kuja.